Bebi shawa: akina baba waalikwe au wasialikwe? Namna ya kuamua na kuipanga siku yenyewe

Kila ninapoitwa kwenye kamati ya bebi shawa hapa Dar es Salaam, hoja ya kwanza, kabla hata ya kutaja mchango au rangi ya sare, huwa ni ya wanaume. Mmoja atasema kwamba shughuli ni ya wanawake tangu enzi na haifai kuichanganya. Mwingine, mara nyingi mdogo wake mama kijacho, atasema kwamba mtoto ni wa watu wawili na kumfungia baba mlango ni kumwambia mapema kwamba malezi hayamhusu. Wote wawili wanasema jambo la kweli, na ndiyo maana ubishi huu haumaliziki kwa kupiga kura. Mimi, baada ya kusimamia shughuli za namna hii kwa miaka mingi, huanzia mahali pengine kabisa: huuliza ni maneno gani yanatakiwa yasemwe siku hiyo, na ni nani anayepaswa kuyasikia. Kamati ikishajibu hayo mawili kwa uaminifu, orodha ya waalikwa haiwi tena kazi ngumu.

Bebi shawa kwa sura tuliyoizoea leo, yenye maputo, keki na zawadi zinazotolewa kabla mtoto hajazaliwa, imetujia kutoka Marekani, ambako nako kwa muda mrefu ilikuwa shughuli ya wanawake. Ilipofika kwetu ilikuta nyumba ina wenyewe. Kungwi alikuwepo, somo alikuwepo, na kicheni pati ilikwisha kuota mizizi mijini, kwa hiyo mgeni huyu akavikwa nguo za mwenyeji: sare, mshereheshaji, kutunza, na mwanamke mtu mzima anayeketi mbele kumfunda binti. Mtu anayepanga shughuli hii bila kukumbuka hilo atadhani anapanga tafrija ya kula keki, kumbe wageni wake wamekuja kwenye mafunzo.

Mwulize mama kijacho akiwa peke yake

Hatua ya kwanza ni kumwuliza mwenyewe, ana kwa ana, pasipo na mtu mwingine. Usimwulize kwenye kundi la WhatsApp, wala mbele ya mama mkwe wake, kwa sababu mbele ya mkwe jibu ni moja tu, "Sawa mama, mtakavyoona ninyi." Mwulize mambo matatu. Ni jambo gani hasa linalomnyima usingizi kuhusu uzazi huu? Ni nani ambaye akiwepo hataweza kuliuliza? Na ni jambo gani angependa mwenzake alisikie kutoka kwa mtu mwingine, kwa kuwa yeye amelisema hadi amechoka? Jibu la swali la pili ndilo linaloonyesha nani asiwepo katika sehemu ya mafunzo, na jibu la tatu ndilo linaloonyesha kwa nini baba ahitajike.

Hapa niseme wazi kwamba bebi shawa za kushtukiza, ambazo mama anaambiwa anakwenda saluni kisha anajikuta ukumbini, zinaniletea wasiwasi, maana kinachofichwa ni shughuli nzima na kwa hiyo hakuna anayepata nafasi ya kumwuliza lolote. Kama kamati imeshikilia kumshtukiza, basi ifanye iwe ya wanawake watupu, na watu wake wa karibu tu. Mwanamke wa miezi minane aliyevimba miguu, aliyetoka nyumbani na dera la kushindia, hafai kukutana na bosi wa mumewe bila kuarifiwa.

Umuhimu wa kumwuliza mama kwanza niliujifunza kwa kosa langu mwenyewe. Tuliandaa shughuli ya binti mmoja aliyekuwa na mimba yake ya kwanza, na kwa kutaka kwenda na wakati tukaalika wote, wake kwa waume, uani kwa dada yake. Shangazi yake alikuwa ametoka Tanga kwa basi la alfajiri, na sote tulijua kwamba yeye ndiye atakayemfunda. Ilipofika zamu yake aliketi kwenye mkeka karibu na miguu ya binti, akaweka mbele yake beseni la maji ya vuguvugu na kanga kuukuu, akaanza kuonyesha jinsi mzazi anavyokandwa. Alipofika kwenye nyuzi, yaani mshono wa mama aliyeongezewa njia, aliinua macho akamwona shemeji wa binti ameketi karibu na feni, soda mkononi, anamsikiliza kwa adabu kabisa. Shangazi akanyamaza. Akaikamua ile kanga, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya ukingo wa beseni, akasema, "Mengine tutaongea, mwanangu," kisha akaomba keki ikatwe.

Hakuna aliyevunja adabu pale, wala shemeji hakuwa na kosa, kwa sababu sisi ndio tuliomwalika. Lakini saa mbili usiku, wageni wakiwa wameondoka na shangazi amekwisha kupelekwa alikofikia, nilimkuta binti jikoni anaosha sufuria ambazo hakupaswa kuzigusa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu mwenye nyuzi anaweza kwenda haja kubwa au zitafumuka. Nilimjibu nilichokijua: kwamba haja haifumui nyuzi zilizoshonwa vizuri, kwamba anywe maji mengi, ale mboga na matunda, asijibane kwa hofu, na akiona usaha au maumivu yanayozidi badala ya kupungua arudi hospitali siku hiyo hiyo. Swali hilo moja ndilo tuliloandalia shughuli nzima, na shughuli nzima ilipita bila kuulizwa.

Nani hawezi kuketi na nani

Kabla ya kuandika mwaliko, pitia majina ya wanaume mmoja mmoja ukiangalia uhusiano wake na mama kijacho, kwa sababu neno "wanaume" linawakusanya watu ambao mila haiwaweki kapu moja. Shemeji ni mtu wa utani na anaweza kuchekesha watu bila kumwaibisha yeyote, ingawa kama nilivyosimulia yapo asiyopaswa kuyasikia. Kaka wa mama kijacho mara nyingi huona haya zaidi kuliko shemeji. Baba mkwe ni suala zito: katika makabila yetu mengi mkwe na mkaza mwana huwekeana heshima ya kutokaribiana, na kumketisha mzee huyo mahali panapozungumziwa maziwa na chuchu ni kuwatesa wote wawili. Baba mzazi naye hupenda kuja, kutoa baraka na kuondoka, na apewe nafasi hiyo bila kushikiliwa.

Kwa familia za Kiislamu, na kwa Wakristo wengi wa pwani waliokulia humo humo, jambo la kutazama ni stara. Wanawake wakijua kwamba hakuna mwanamume atakayeingia, mitandio hushuka, madera hulegezwa, na ngoma ikipigwa watu wataicheza kwa viuno bila kutazama nyuma. Mwanamume mmoja tu akiingia, hata awe mpiga picha aliyelipwa, wote watajifunga upya na kukaa kama waliokuja msibani. Kwa hiyo ukisema shughuli ni ya wanawake watupu, hakikisha mpiga picha, mpiga muziki na mhudumu wa vinywaji nao ni wanawake, au kazi zao zimalizike kabla ya mlango kufungwa. Weka pia sharti la simu, kwa sababu video inayorushwa mtandaoni huwaingiza wanaume ambao hukuwaalika.

Kwa nini baba asibaki nje moja kwa moja

Wanaosema mila zetu zilimtenga baba na uzazi wanasahau nusu ya mila hizo. Ni kweli kwamba kabla ya kujifungua elimu ya uzazi ilikuwa mikononi mwa wanawake, lakini mtoto akishazaliwa baba aliingia kwa mlango wake mwenyewe. Kwa Waislamu wa pwani baba, au mzee aliyeteuliwa, humwadhinia mtoto sikioni, na siku ya 7 hufanyika akika, ambapo mtoto hupewa jina na kunyolewa, wanyama wawili wakichinjwa kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike. Wanaume huketi barazani na wanawake ndani, kila upande ukiwa na kazi yake, wala hakuna anayesema kwamba wa barazani hawahusiki. Mpangilio huo ndio ninaouiga ninapopanga bebi shawa.

Kilichobadilika ni nyumba. Zamani mama akikaribia kujifungua alirudi kwao, au mama yake alikuja kukaa naye hadi arobaini ipite, akimkanda, akimpikia uji wa pilipili manga au mtori, akimshika mtoto usiku mzazi alale. Leo wengi wetu tunaishi vyumba viwili vya kupanga Mbagala au Kimara, bibi yuko Bukoba na ana shamba la kulinda, na akija hukaa wiki mbili. Saa nane usiku, mama akiamka anasema haoni vizuri na kichwa kinamgonga, mtu mwenye masikio aliyepo chumbani ni mume peke yake. Mume huyo kama hajawahi kuambiwa kwamba hali hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba, atamtafutia dawa ya kutuliza maumivu na kumwambia walale mpaka asubuhi. Kwa sababu hiyo tu, hata pasingekuwa na nyingine, siwezi kukubali kwamba baba akae baa siku ambayo mkunga amekaa sebuleni kwake anafundisha.

Isitoshe, kliniki zetu zimekuwa zikiwahimiza wenza kuhudhuria pamoja, hasa hudhurio la kwanza, ili wapime VVU na kupata ushauri wote wawili. Muuguzi anapomwomba mwanamume aingie, nasi kwenye shughuli tunapomfukuza, tunamvuta huku na huku.

Ushauri wangu, basi: igawe siku sehemu mbili

Kwa familia nyingi, njia inayofaa ni kuanza na wanawake peke yao, kisha kuwafungulia akina baba. Si jambo geni. Katika kicheni pati nyingi bwana harusi huingia mwishoni, mafunzo yakiwa yamekwisha. Tofauti ni kwamba hapa hatumwingizi mume kuja kupigwa picha, bali kuja kufundishwa.

Chagua Jumamosi au Jumapili kati ya mwezi wa saba na wa nane wa mimba, maana mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 ni njiti, na wapo wanaowahi. Anza saa nane mchana na umalize saa kumi na moja. Shughuli ya mjamzito inayosogea hadi usiku ni ya waalikwa, haimfai mwenye mimba. Mpe kiti chenye egemeo, na kigoda cha kuinulia miguu, na mahali penye hewa, hasa miezi ya joto ya Desemba hadi Machi. Choo kiwe karibu.

Mwaliko uyaseme yote waziwazi, ili mtu asifike na mumewe saa nane wakabaki wanatazamana getini. Mimi huandika hivi: "Mama zetu, dada zetu na mashemeji, mnakaribishwa kumpongeza mama kijacho wetu siku ya Jumamosi. Kuanzia saa 8:00 hadi saa 9:30 mchana ni mafunzo ya akina mama peke yao, na mlango utafungwa. Akina baba mnakaribishwa kuanzia saa 9:30 kwa mazungumzo ya pamoja, chakula na zawadi. Tunaomba watoto wabaki nyumbani." Mwaliko wa namna hii haujawahi kunizulia ugomvi, wakati ule unaosema "wote mnakaribishwa" umenizulia mara mbili.

Katika saa moja na nusu ya mwanzo mpe kungwi kiti na umwondolee mshereheshaji. Kipaza sauti kizimwe. Haya ndiyo mazungumzo ya mwili, na yanahitaji sauti ya kawaida: damu ya uzazi inayoweza kuendelea hadi wiki kama sita na kiasi gani ni cha kawaida, nyuzi, bawasiri na namna ya kujisafisha, chango la uzazi linalouma zaidi mtoto anaponyonya, chuchu kupasuka na jinsi mtoto anavyotakiwa kushika sehemu nyeusi na si ncha tu, lini na vipi kurejea kwenye tendo la ndoa, na namna ya kumwambia mume "bado" bila kuogopa. Mwenye kungwi asiye na elimu ya hospitali amketishe pamoja na mkunga au muuguzi, mmoja akisaidia palipo na desturi na mwingine palipo na hatari. Yapo mambo ya zamani ambayo mkunga ni lazima ayakatae papo hapo, kama kukanda tumbo la mtu aliyefanyiwa upasuaji kwa maji ya moto, na ni heri ayakatae mbele ya wote kuliko mama aje kuunguzwa mshono.

Usiweke michezo katika muda huo. Weka maswali. Kwa wenye haya, pitisha vikaratasi na kalamu, kila mmoja aandike asilothubutu kulisema, kikapu kizungushwe, mkunga asome bila kujua nani kaandika nini. Utashangaa jinsi wanawake wenye watoto wanne wanavyouliza mambo ambayo walipaswa kuambiwa kwa mtoto wa kwanza.

Akina baba wakiingia

Watakapofika, wasiketishwe nyuma kama watazamaji. Baba mtarajiwa akae kando ya mkewe, na mazungumzo yaanze kabla ya chakula, kwa sababu baada ya pilau hakuna atakayesikiliza. Mkunga ataje ishara za hatari polepole, na baba azirudie kwa mdomo wake: kutokwa damu ukeni wakati wowote wa mimba, maumivu makali ya kichwa na kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maji kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kupunguza kucheza tumboni, na baada ya kujifungua, damu inayolowesha kitambaa baada ya kitambaa, homa, harufu mbaya, au mama kuzimia. Wataalamu wa uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaogharimu maisha ya mama: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Wa tatu uko mikononi mwa hospitali. Aina mbili za kwanza ziko ndani ya nyumba, na mara nyingi zimo katika mfuko na kauli ya mume.

Baada ya hapo mkunga amwulize baba maswali ya vitendo. Namba ya dereva wa teksi au bajaji anayeweza kuja usiku ni ipi, na wa pili ni nani kama wa kwanza hapokei? Kundi lako la damu ni lipi, na nani wawili kati ya waliokaa hapa wako tayari kuchangia damu ikihitajika? Fedha ya dharura iko wapi, na mama anaweza kuichukua bila wewe? Vifaa vya kujifungulia, yaani kanga, pamba, glovu, mpira na vinginevyo vilivyoandikwa kliniki, vimekamilika?

Nakumbuka baba mmoja kijana aliyeulizwa kadi ya kliniki inakaa wapi. Alifikiri, akasema kabatini. Mkewe akatikisa kichwa. Ilikuwa chini ya godoro, upande wa ukutani, ndani ya bahasha ya kaki. Watu wakaanza kucheka, mkunga akainua kiganja kuwanyamazisha, akamwambia, "Sasa umejua, baba. Tuendelee." Yule kijana akatoa kalamu, akaandika nyuma ya kadi ya mwaliko: godoro, ukutani, bahasha. Alipomaliza maswali upande wote wa nyuma ulikuwa umejaa, na aliukunja akauweka kwenye pochi pamoja na leseni yake.

Namna ile mkunga alivyowanyamazisha watu ndiyo ninayoomba iigwe. Baba anayekuja kwenye shughuli ya wanawake amejishusha tayari, na michezo ya kumfunga puto tumboni au kumfunga kitambaa machoni avalishe mwanasesere nepi huku anachekwa humfundisha kwamba kumhudumia mtoto ni kichekesho. Mpe nepi ya kitambaa na mwanasesere, mwache aone vizuri, aoneshwe na mwanamume mwenzake mwenye watoto namna ya kufunga, na wengine wajaribu. Mwanamume aliyelea ni mwalimu mzuri kwa kijana kuliko sisi wote.

Jambo la huzuni ya baada ya kujifungua nalo lisemwe hapa, mbele ya wote wawili. Machozi ya siku chache za mwanzo huwapata wengi na hupita. Mama anayebaki na huzuni zaidi ya wiki mbili, asiyemtaka mtoto, asiyelala hata mtoto akilala, au anayesema heri afe, anahitaji kupelekwa hospitali kama mwenye homa. Mara nyingi yeye mwenyewe hataweza kusema, na atakayeona ni anayelala naye.

Kisha zungumzeni likizo. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inampa baba angalau siku 3, ambazo sharti azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kwa wasomaji wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba wiki 2. Siku 3 ni chache mno kwa jinsi ninavyoona, na ndiyo maana baba anapaswa kumjulisha mwajiri mapema na kuziongezea siku za likizo yake ya mwaka. Baba wa Tanzania Bara akumbushwe pia kwamba kuzaliwa kwa mtoto kunatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90.

Pale ambapo mgawanyo huu haufai

Mama asiye na mwenza, au aliyeachwa katikati ya mimba, asiandaliwe sehemu ya akina baba itakayoacha kiti kitupu kando yake. Ifanyeni ya wanawake mwanzo hadi mwisho, na yale maswali ya usafiri, damu na fedha aulizwe dada, kaka au mjomba atakayesimama naye, faraghani, na ajibu kama ambavyo baba angejibu.

Aliyewahi kupoteza mimba au mtoto mchanga anaweza kukataa shughuli yoyote kabla ya kujifungua, na wako pia wanaoogopa jicho la watu. Msimshawishi. Mpelekeeni mafunzo nyumbani, watu watatu bila maputo, na sherehe isubiri arobaini, ambapo kuchanganyika kwa wake na waume ni jambo la kawaida zaidi kwa kuwa mtoto amekwisha kuja na maswali ya mwili yamepungua.

Bebi shawa ya ofisini ni kitu kingine kabisa. Wenzake wa kazini ni wanaume na wanawake, hapana kungwi, hapana mafunzo, na nusu saa ya keki na bahasha inatosha. Hapo kumtenga mwanamume hakuna maana, na kuanza kumfunda mtu mbele ya mhasibu hakuna heshima.

Gharama na zawadi

Kamati ikumbuke kwamba kila mwanamke akija na mwenzake, sahani 40 zinakuwa 80, na vinywaji hubadilika. Mimi huwaalika katika sehemu ya pili wanaume wachache tu: mume, ndugu zake wawili watatu, kaka wa mke, na rafiki mmoja wa mume aliye baba tayari. Pombe isiwepo. Fedha itakayookolewa iingie kwenye bahasha ya kujifungua.

Kwa zawadi, wanawake huleta kanga, beseni, nepi na nguo bila kuambiwa, na nguo nyingi huwa za mtoto mchanga wa wiki mbili ambazo hazitavaliwa. Waombeni baadhi yao walete za miezi sita. Chupa za kunyonyeshea na maziwa ya kopo yasiletwe, kwa kuwa mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, na zawadi iliyopo kabatini hushawishi usiku wa kwanza mgumu. Akina baba waambiwe mapema kwamba zawadi yao ni nauli, fedha taslimu na ahadi ya damu, na ahadi hizo ziandikwe na mweka hazina kwa majina na namba za simu, kama michango ya harusi inavyoandikwa. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, nakala moja akae nayo baba.

Saa kumi na moja ikifika, wanaume wakunje viti na kurudisha masufuria, mama kijacho aende akalale. Kungwi asifungiwe safari jioni hiyo. Mwandalieni kitanda alale hapo hapo, na chumba awe na binti peke yao.